Kiti cha Nyuma cha Gari la Buluu

Jina la baba mkwe wangu sikulitamka akiwa hai, na hapa pia sitalitamka. Kwetu Rungwe mwanamke aliyeolewa hakulitaja jina la baba wa mumewe, na uso wake hakuutazama. Nikisikia kikohozi chake njiani niliingia migombani, nikainama, nikajifunika kanga kichwani mpaka apite. Naye akiniona kwa mbali alikohoa kwa makusudi, ili nipate nafasi ya kujificha. Ndivyo tulivyoheshimiana kwa miaka sita, katika uwanja mmoja, pale Matwebe. Nilimjua kwa kile kikohozi, kwa mlio wa fimbo yake juu ya mawe, na kwa kisogo.

Ndiyo maana sikutambua mapema kwamba kikohozi kimebadilika. Nilidhani ananipisha. Kumbe alikuwa anaumwa.

Mimi nilikuwa mhudumu hospitalini Tukuyu. Nilifagia, nilifua mashuka, nilimwaga vyombo vya wagonjwa. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, lakini kazi ya wodini inafundisha. Mume wangu alikuwa karani katika ofisi ya kilimo mjini. Kila siku tuliondoka alfajiri kwa miguu, na siku za bahati tulipakiwa na lori la majani ya chai. Baba mkwe alipopimwa na kukutwa na kifua kikuu, aliambiwa achomwe sindano kila siku kwa miezi miwili bila kuruka hata moja, halafu aendelee na vidonge. Walitaka kumlaza. Alikataa. Alisema hawezi kulala katika nyumba ambayo hakuna hata mtu mmoja anayewajua ng'ombe wake.

Mimi nilikuwa naifagia wodi ya kifua. Niliwaona waliorukaruka sindano wakirudi, na niliwaona walivyotoka mara ya pili. Kwa hiyo mume wangu aliposema lazima tupate gari la kutupeleka wote watatu kila asubuhi, sikubisha. Tulizungumza hayo jikoni, na nakumbuka nilikuwa namenya ndizi.

Miaka ile mtu mwenye gari alitazamwa. Balozi wetu wa nyumba kumi alisikia habari kabla hata hatujaona gari lenyewe, akaja kusalimia. Alikunywa chai, akasifu migomba, halafu akamuuliza mume wangu kwa kucheka, "Sasa ndugu karani, tukuandike mkulima au kabaila?" Mume wangu naye alicheka, akaeleza habari ya sindano za mzee. Balozi aliondoka ameridhika. Lakini mume wangu alimsindikiza mpaka barabarani, akimweleza tena habari ya sindano. Petroli ilikuwa ya kupanga foleni, vipuli havipatikani, na neno moja la mtu mkutanoni lilitosha kukuharibia kazi. Tulitafuta gari kama watu wanaotafuta kitu cha wizi.

Magari tuliyoweza kuyamudu kwa mkopo wa kazini yalikuwa mawili.

La kwanza lilikuwa gari dogo la buluu la daktari mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Lilikuwa na milango minne, viti laini, na mahali pa kupuliza hewa ya moto kukiwa na baridi. Halikunywa petroli nyingi. La pili lilikuwa pikapu ya kijani ya mfanyabiashara mmoja wa Msasani, mtaa wa hapo Tukuyu, iliyokuwa ikibeba viazi. Mbele ilikuwa na kiti kimoja kirefu, kigumu kama benchi la kanisani, na nyuma bodi wazi yenye vyuma vya kufungia turubai. Kati ya mbele na nyuma palikuwa na kioo kidogo. Bei zilikaribiana.

Aliyetukagulia alikuwa fundi wa hapo Msasani, rafiki wa mume wangu. Babu yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo akabaki. Alivaa kofia yake hata akiwa chini ya gari. Aliyakagua yote mawili siku moja, akafuta mikono, akasema hakuna cha kufikiri. Pikapu ni nzima, lakini inakunywa petroli kama ng'ombe kisimani na itamvunja mgonjwa mbavu. Gari la buluu ni zima vilevile, na mzee atakaa kama yuko kitandani. Alitupakia tukalijaribu kwenye mteremko wa Ibighi, mume wangu mbele, mimi nyuma.

Nakumbuka kiti kile. Kilinipokea mgongo wote. Nilikuwa na mimba ya miezi minne, na tangu mimba ile ianze nilikuwa sijawahi kukaa mahali nikasahau kiuno changu, ila pale. Nikainua macho, nikaona kioo cha dereva kilichoning'inia katikati. Ndani yake yalikuwa macho ya fundi, yananitazama.

Alikuwa anatazama barabara ya nyuma tu, najua. Lakini nilijivuta nyuma. Niliona kiti cha mbele, ambako kichwa cha baba mkwe kingekuwa, na kilikuwa umbali wa mkono. Ningekuwa ninapumua juu ya kisogo chake kila siku. Angegeuka kidogo tu, tungeonana. Au tungeonana katika kile kioo.

Lazima nieleze hofu hiyo ilitoka wapi. Nilikuwa nimezika watoto wawili. Wa kwanza alikufa ana wiki tatu, wa pili hakufika hata hapo. Wa kwanza alipokufa, wanawake wa pale nyumbani walikumbushana kwamba wiki chache kabla ya kujifungua nilikutana na baba mkwe kwenye njia ya mtoni, nikiwa na ndoo kichwani, na sikuwahi kutoka njiani. Nilisimama tu nimefumba macho. Hakuna aliyenilaumu mbele yangu. Walisema kwa sauti ya chini, nikiwa naosha vyombo, na walihakikisha nasikia.

Niliposhuka kwenye gari la buluu nilimwambia mume wangu kwamba sitapanda gari lile pamoja na baba. Yeye alikuwa amesoma zaidi yangu. Alisema mambo hayo yanakwisha, kanisani kwetu kuna nyumba kadhaa zimeacha, na nchi yenyewe inajengwa upya. Alisema kioo kinaweza kugeuzwa. Nilisema ninaogopa. Alisema baba anahitaji kiti laini. Nilisema ninaogopa. Sikuwa na neno jingine, nikalirudia hilo mpaka akanyamaza.

Fundi alikuwa anasikia. Alitoa kichwa kwenye boneti, akasema, "Shemeji, samahani. Nyie mnanunua gari au mnanunua uzio?"

Mume wangu alicheka kidogo, kwa aibu. Mimi sikucheka. Tulinunua pikapu.

Baadaye, watu waliponiuliza, nilisema tulichukua pikapu ili mtoto tumboni asivute hewa ya mgonjwa. Wodini walinisifu kwa akili hiyo. Haikuwa kweli. Kifua kikuu nilikuwa nakitembelea kila siku na ufagio mkononi, wala sikukifikiria. Nilikuwa namwogopa mzee mmoja asiyenitakia ubaya wowote.

Basi tukaanza. Alfajiri mume wangu alimchukua baba yake kwanza, akamkalisha mbele na blanketi magotini. Kisha alisogeza gari mpaka kwenye kona ya migomba, mimi nikapanda nyuma kwa kukanyaga tairi, nikaingia chini ya turubai. Kile kioo kidogo nilikuwa nimekiziba kwa kanga kuukuu, nimeifunga kwenye vyuma pembe zote nne. Mbele ya kanga ile nilikaa nimewapa mgongo, nimeshika vyuma kwa mikono miwili.

Sijui kama mtu ambaye hajakaa nyuma ya pikapu kwenye milima ile atanielewa. Ukungu wa asubuhi ulikuwa mzito kiasi kwamba nilisikia magari bila kuyaona. Malori ya chai yalitokea ghafla, taa zikiwa karibu na uso wangu, halafu yakapotea. Kwenye mteremko wenye tope pikapu iliteleza mkia kwanza, na mkia ndiko nilikokuwa mimi. Kila ilipoteleza niliachia mkono mmoja nikashika tumbo. Nilikuwa nahesabu kona. Na mbele, nyuma ya kanga, nilisikia kikohozi. Gari likiingia shimoni, kikohozi. Likitoka, kikohozi tena, kirefu, mpaka pumzi inakatika, nami nasubiri irudi. Nilijua ni kiti kile. Nilijua ni nani amekichagua.

Lakini sindano zilichomwa. Dresa aliyekuwa akimchoma mzee alikuwa anaweka alama kwenye kadi, na mimi nikipita na ndoo nilikuwa naichungulia kadi ile mezani. Ishirini. Ishirini na tano. Thelathini na moja. Nilianza kupumua.

Kisha mvua kubwa zikaja. Turubai lilikuwa na matundu, na upepo uliingiza maji kwa nyuma. Nilifika kazini nimelowa mpaka mifupani, nikabadili nguo, nikafagia. Jioni nilianika kanga yangu kwenye kamba uwanjani. Nikaanza kuumwa kiuno, na siku moja niliona damu kidogo. Mkunga wa hospitali alinipumzisha siku tatu, akanikataza kutembea umbali mrefu. Mume wangu alishonesha turubai. Lilivuja pengine.

Niliporudi kazini, siku ya kwanza baba mkwe alikwenda nasi. Siku ya pili alimwambia mwanawe amechoka. Siku ya tatu alisema ndama anaumwa. Siku ya nne hakusema kitu, alikaa ndani tu. Kwenye kadi kulikuwa na nafasi tatu nyeupe, na sikuweza kuondoa macho pale mpaka dresa akaniuliza kama najua kusoma.

Jumapili, baada ya ibada, nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Nilivuka uwanja nikaenda kwenye nyumba yake. Nilisimama nje, nyuma ya ukuta, upande anaofunga ndama, nikajifunika kichwa, nikakohoa. Niliegemea ukuta. Nilisikia fimbo ikisogea ndani. Hakunijibu mimi. Alizungumza na ndama.

"Ndama, huyo anayekohoa nje ni mgonjwa, au ana neno?"

Nikamjibu ndama. "Mwambie baba nina neno."

"Na aseme. Wewe na mimi hatuna kazi."

"Mwambie baba sindano hazirukwi. Mimi nafagia wodi ile. Mwambie nawaona wanaoziruka."

Ndama alipiga kwato chini.

"Ndama," akasema, "mwambie mama huyo kwamba naona kanga yake kwenye kamba kila jioni inachuruzika maji. Mwanangu aliniambia mke wake anapanda gari. Kanga ya mtu aliyepanda gari hailowi hivyo."

Nilikuwa sijui kwamba alikuwa hajui. Mume wangu alikuwa amemwambia nyuma kuna turubai na mahali pazuri pa kukaa.

"Mwambie baba nitakaa mbele," nikasema. Maneno yalitoka yenyewe. "Nitajifunika kanga mbili. Sitageuka. Mwambie gari litatuchukua wote ndani."

Sasa alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, nikasubiri kiishe.

"Ndama, kiti chenyewe ni kimoja. Wao wawili na mimi. Mimi nikae wapi, mapajani kwa mwanangu kama bibi harusi?" Kisha sauti ikashuka. "Mwambie akae ndani yeye. Yeye amebeba mtu. Mimi nimebeba nini?"

Alikuwa amesema kweli kuhusu kiti. Kwenye benchi lile bega langu lingegusana na bega lake, na paja kwa paja. Hilo hata mimi, pamoja na ujasiri wangu wote wa siku ile, nisingeliweza, na yeye asingelikubali hata afe. Hapo, nikiwa nimeegemea ukuta wa ndama, ndipo nilipolikumbuka gari la buluu. Lilikuwa na viti vya nyuma. Mzee angekaa mbele, peke yake, akitazama barabara yake. Mimi ningekaa nyuma yake, mkavu, na katikati ningefunga kanga. Kanga ileile niliyoifunga kwenye kioo cha pikapu. Ingetosha kabisa, na akili yangu haikuwahi kufika pale, kwa sababu nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa hutafuta ukuta kabla ya kutafuta pazia.

Nilimwambia mume wangu siku hiyohiyo. Jumatatu alikwenda kwa fundi kuuliza kama tunaweza kubadilisha. Gari la buluu lilikuwa limeshachukuliwa na mwalimu mmoja wa Ibighi. Fundi alirudia mzaha wake wa uzio, halafu alipoona uso wa mume wangu akaomba radhi.

Nyuma ya pikapu baba mkwe alikataa kupanda, alisema yeye si gunia la viazi, akaamua kwenda kwa miguu. Mume wangu alimsihi, akakasirika, akamsihi tena. Mzee alimjibu kwamba ujanani alikwenda Chunya kwa miguu kutafuta kazi ya dhahabu, basi mjini ni wapi. Kumpeleka yeye kwanza na kunirudia mimi petroli haikutosha, tulijaribu siku mbili gari likatuzimikia. Nilisema nitakwenda mimi kwa miguu. Mume wangu akataja damu. Nikanyamaza. Naandika kwamba nilinyamaza, kwa sababu ningeweza kuendelea kubisha na sikubisha. Niliogopa kuzika wa tatu.

Kwa hiyo yeye alianza safari kabla ya kupambazuka, na sisi tulimkuta njiani. Mimi nilikuwa mbele, kwenye benchi, na blanketi lake magotini. Taa za pikapu zilimwona kwenye ukungu kabla hatujafika: mgongo, fimbo, koti la mvua. Aliposikia gari alitoka barabarani, akaingia migombani, akasimama ametupa kisogo mpaka tupite. Ilikuwa ni mimi niliyepaswa kujificha. Kila asubuhi mume wangu alipunguza mwendo, na kila asubuhi fimbo ilipungwa kutoka kwenye majani: nendeni. Tulikwenda. Nililia bila sauti ili mume wangu asiondoe macho barabarani.

Siku nyingine alifika hospitalini saa nne. Siku nyingine saa sita, amepumzika njiani mara nyingi. Siku za mvua kubwa hakufika. Kadi ikawa na nafasi nyeupe katikati ya alama, kama mdomo unaong'oka meno.

Asubuhi moja tulipita mahali pote pa kawaida na fimbo haikuonekana. Tulidhani amebaki nyumbani. Wachuma chai ndio waliomkuta, ameketi chini ya mgomba, koti limejaa maji, akili bado timamu. Walimleta kwa lori la majani. Safari hii alilazwa, na wodi ilikuwa ile ninayoifagia.

Tulikaa hivyo wiki mbili. Kabla ya kuingia nilisimama mlangoni nikakohoa. Yeye aligeukia ukutani na kujivutia shuka mpaka masikioni. Nilifagia chini ya kitanda chake, nikatoa chombo chake, nikaweka kingine kisafi, nimejifunika, nimeinama. Wagonjwa wengine walituona wakacheka kwanza, kisha wakaacha. Siku moja, nilipokuwa namalizia, alisema kwa ukuta, "Ndaga." Ndivyo tunavyoshukuru kwetu. Ukuta haukujibu, na mimi sikujibu. Niliinua ndoo nikatoka. Najuta kwamba sikujibu. Palikuwa na kiti pale, palikuwa na ndoo, ningeweza kuviambia vimjibu.

Asubuhi ya mwisho nilisimama mlangoni nikakohoa kama kawaida. Hakugeuka. Nikakohoa tena. Nilidhani kalala. Nilikohoa mara ya tatu, na mgonjwa wa kitanda cha jirani akasema polepole, "Mama, ingia tu."

Niliuona uso wake. Ulikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Alikuwa na kovu la zamani juu ya nyusi, na sikujua limetoka wapi, na hakukuwa na mtu niliyethubutu kumuuliza. Nilimfunika kwa kanga yangu kabla ya kwenda kumwita dresa.

Mtoto alizaliwa mzima, kwa wakati wake, mwezi Mei, na anaishi. Wanawake wa pale nyumbani walisema mzee amemwachia nafasi. Walisema kwa wema, lakini mimi sikupenda kusikia, kwa sababu najua nafasi hiyo ilikuwa ya wapi, kwenye benchi la pikapu.

Pikapu tuliiuza mwaka uliofuata. Gari la buluu lilibaki Ibighi miaka mingi. Mwalimu yule hakuwa na familia kubwa, alilitumia kwenda shuleni na kurudi, peke yake, polepole. Nilikuwa nikilisikia kwenye ukungu nikiwa natoka kazini. Mlio wake niliujua. Nilisimama kando ya barabara mpaka lipite, na kila mara nilitazama dirisha la nyuma. Kiti hakikuwa na mtu. Juu yake palikuwa na madaftari ya wanafunzi, yamefungwa kamba, makavu.